Maganda Saba ya Oveni

Jumatatu ile nilipata habari nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na ni habari hiyo hiyo iliyotaka kumtoa baba yangu macho. Sizidishi chumvi. Ngoja nikueleze.

Kwanza umjue Baba. Anaitwa Mahfudh, kwao Mombasa, Mji wa Kale, ukoo wa mafundi wa shaba. Babu yake alikuwa akifua mabuli ya kahawa na misumari ya milango. Hapa Minneapolis Baba hafui kitu. Anaendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, wale wazee ambao basi hawaliwezi tena. Macho yake ndiyo kazi yake, na kila mwaka huenda kupimwa na kurudi akijigamba kwamba anasoma mstari wa mwisho kabisa, ule ambao hata daktari anaubabaikia.

Mmoja wa wazee wake ni Gilbert, Mzungu wa Oakdale, miaka themanini na moja. Figo zimekataa, mikono inatetemeka mpaka kikombe kinapiga kelele juu ya kisahani. Lakini huyu alikuwa fundi wa kalibu kiwandani, zile zana za kubania chuma mpaka kipate umbo, kwa miaka arubaini, na ukutani kwake kuna bunduki ya Martini ya zamani mno, ile yenye mkono wa chuma chini unaovutwa ndipo mlango wa risasi ufunguke. Siku Baba alipoingia kumsaidia kuvaa koti akaiona, akasahau koti. Kwetu tuna picha ya babu yake mzaa mama amesimama mlangoni kwa Liwali, na bunduki kama ile ile begani.

"Inapiga?" Baba akauliza.

"Ingepiga," Gilbert akamwambia, "kama ningekuwa na cha kutia ndani."

Basi, wakawa marafiki. Risasi za bunduki hiyo duka la kawaida halina. Wenye wazimu wa vitu vya kale hujitengenezea wenyewe nyumbani maganda, vile vikopo vya shaba vya kubebea baruti. Unachukua ganda la shaba la bunduki nyingine, refu na nono, unalisukuma ndani ya kalibu, linabanwa kidogo. Kalibu ya pili, linabanwa zaidi. Unaendelea hivyo hivyo mpaka lipate mabega na shingo kama chupa. Yataka mkono usiotikisika. Kwa hiyo Gilbert akawa kichwa na Baba akawa mikono, kila Jumapili ya baridi, ndani ya gereji yetu pale Golden Valley, na kijihita kinawapuliza miguuni.

"Shaba ukiibana inakasirika," Baba alikuwa akiniambia. "Inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Lazima uibembeleze kwa moto."

Kuibembeleza kwenyewe kulikuwa hivi: maganda yanasimamishwa ndani ya sinia la maji, maji yamefika kiunoni, halafu midomo inapigwa moto wa gesi mpaka rangi igeuke, kisha yanasukumwa yaanguke majini, chwaa. Nilikuwa nikipita kuchukua sabuni ya kufulia nikiyaona yamesimama pale kama watu wanaooga. Nikidhani maji ni ya kuzuia meza isiungue. Miaka minne ya chuo kikuu, kemia mihula mitatu, na hilo ndilo nililodhani.

Walianza na maganda thelathini. Mpaka theluji inayeyuka, yaliyobaki mazima yalikuwa kumi na mawili.

Sasa turudi Jumatatu. Idd ilikuwa Jumatano, na shangazi yangu Fatimah, dada yake Baba tunayeishi naye, alikuwa ameshatangaza hali ya hatari. Kwetu Idd haiingii mpaka shaba zote zing'are: buli, masinia, chetezo, mpaka kile kijiko cha kahawa ambacho hakuna anayekitumia. Kusugua ni kwa ukwaju na jivu. Dawa za dukani Shangazi anasema zinanuka hospitali.

"Na haya je?" nikamuuliza. Dirishani kulikuwa na bakuli lenye maganda kumi na mawili, shingoni yana doa la buluu na kahawia, kama mtu aliyemwagikiwa na chai.

"Si shaba hayo?"

"Ni shaba."

"Basi waniuliza nini? Wataka wageni waje waone baba yako anaweka vitu vyenye kutu dirishani?"

Nikasugua. Nikasuuza. Kwa kuwa maji yakibaki shaba inaweka madoa, nikayapanga kwenye trei nitie ndani ya oveni, moto mdogo, dakika kumi. Saba yakaenea. Matano nikayaacha juu ya taulo. Mkono mmoja uko kwenye vitufe vya oveni, mkono wa pili una simu, na simu ikalia. Barua pepe. Nimekubaliwa shule ya famasia. Nimekubaliwa, mimi, Raisa, niliyerudia mtihani mara mbili. Nikabonyeza kitufe bila kuangalia, nikatoka mbio mpaka uwanjani kumpigia rafiki yangu Mumbi, tukapiga kelele sote wawili mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Niliporudi, oveni imejifunga. Nilikuwa nimebonyeza ile ya kujisafisha yenyewe, ile inayopandisha moto mpaka mafuta yote yawe jivu, na mlango haufunguki mpaka imalize. Saa tatu nzima. Shangazi anafungua madirisha, anakohoa, ananiita majina ya watu wa ukoo waliowahi kuunguza chakula.

Yakatoka meusi. Nikaketi na ukwaju wangu nikasugua upya, yote kumi na mawili pamoja, mpaka yakawa kama bangili za bibi harusi. Hata mimi sikuweza kujua lipi liliingia oveni na lipi lililala kwenye taulo.

"Nimwambie Baba?"

"Umwambie nini?" Shangazi akasema. "Chuma si andazi. Kimeharibika wapi?"

Baba alipoyaona jioni alinyanyua moja kwenye taa, akaligeuza. "Mashallah. Nani kayasugua?"

"Mimi."

Akanibusu utosini. "Mkono wa ukoo huu haujapotea," akasema. Basi baada ya hapo utasemaje habari ya oveni? Na ile ya famasia nayo nikaiweka kwanza, nikaona Idd ina wageni wengi mno. Ijumaa Baba atayajaza baruti na vichwa, na Jumamosi wanaenda uwanja wa shabaha kuijaribu bunduki, mara ya kwanza tangu watu wote walioijua kufa. Nikasema akirudi nitamwambia, siku yake na yangu iwe moja. Hata keki nikaagiza.

Jumamosi asubuhi Baba aliondoka mapema kumchukua Gilbert. Mimi nikaingia gereji kutafuta meza ya kukunja. Juu ya benchi lao la kazi, mahali ambapo huwa naona mgongo wa Baba tu, kulikuwa na kadi imebandikwa ukutani, mwandiko wa Gilbert unaopanda na kushuka. Nikaisoma kwa kuwa nilikuwa nina raha na mtu mwenye raha husoma kila kitu. Iliandikwa: Moto mdomoni tu. Kitako kikae majini. Kitako kikilainika kinapasuka, na moto wote unarudi usoni kwa mpigaji. Chini yake amepiga mistari mitatu, na wa tatu umepasua karatasi.

Nikasoma tena. Meza ikaniponyoka.

Kumbe maji hayalindi meza. Yanalinda vitako. Na mimi nilikuwa nimeyachoma maganda saba mazima, kuanzia kichwani hadi kwenye unyayo, kwa saa tatu, kisha nikafuta kila alama ambayo ingemwonyesha fundi kwamba kuna kitu.

Nikampigia Baba. Ikalia mpaka mwisho. Nilijua inalia wapi: ndani ya gari, kwa sababu uwanjani kule wanaziba masikio na simu haina maana. Gilbert hana simu ya mkononi. Nikatafuta namba ya uwanja wenyewe, nikapata sauti iliyorekodiwa ikinisomea saa za kufungua. Shangazi akatokea mlangoni na unga mikononi.

"Una nini? Mbona umekuwa rangi hiyo?"

"Yale maganda, Shangazi. Yanaweza kumlipukia Baba usoni."

Alinitupia funguo za gari langu, zikaja na unga wake.

Kutoka kwetu mpaka kule, ng'ambo ya Oakdale, ni dakika arubaini ukiwa na bahati. Nilikuwa nahesabu huku naendesha. Baba aliondoka saa mbili na nusu. Kumfikisha Gilbert na kiti chake cha magurudumu, mpaka saa tatu na robo. Kuweka shabaha, kusikiliza masharti, Gilbert kusimulia historia ya bunduki kwa kila anayepita, maana lazima asimulie. Wataanza kupiga saa nne kasoro. Na sasa ni saa nne kasoro dakika kumi na mimi niko kwenye handaki la katikati ya mji nyuma ya lori la magodoro.

Nikajiambia matano ni mazima. Kumi na mawili, saba mabaya. Akianza na yale matano. Akipenda kupiga mara tatu tu aache. Halafu nikakumbuka Baba ni mtu wa kumaliza sahani.

Saint Paul wamefunga njia moja, mapipa ya rangi ya machungwa toka huku mpaka kule, na mtu mbele yangu anampisha kila mtu kwa adabu zao za Minnesota, pita wewe, hapana pita wewe. Nililia kidogo hapo. Nilimwona Baba na bandeji machoni, ananiuliza ni saa ngapi. Nikampigia tena. Ikalia mpaka mwisho.

Nilipoingia kwenye ule mchanga wa kuegeshea magari nilisikia milio hata kabla sijazima injini. Na hapa kuna jambo lazima ulijue. Baba aliwahi kunileta mwaka jana kumtazama Gilbert akipiga bunduki nyingine iliyolazwa juu ya mifuko ya mchanga, na kabla hatujashuka garini alinishika mkono akaniambia taratibu: "Mwanangu, mahali hapa hukimbii. Hata iweje. Wewe na mtandio wako, mimi na ndevu zangu, hatukimbii penye watu wenye bunduki. Mikono ionekane. Ukiona hatari, sharti lao ni kwamba yeyote, hata mtoto, hata mgeni, akipaza yale maneno mawili ya kusimamisha, kila mtu anaacha." Akanifundisha hayo maneno kwa Kiingereza na akanifanya niyarudie.

Kwa hiyo nilitembea. Sijawahi kutembea hivyo maishani mwangu. Toka gari langu mpaka kwenye paa la wapigaji ni kama kutoka mlango mmoja wa msikiti wetu mpaka wa pili, na ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Golden Valley. Miguu inataka kuruka, naishika. Mikono nimeiweka mbele kama nimebeba sinia. Mwanamume mmoja mwenye kofia akageuka, akanitazama mtandio, akanitazama mikono, akaendelea kunitazama.

Nikamwona Baba. Meza ya mwisho kulia, na Gilbert kwenye kiti chake nyuma yake, masikio yamefunikwa na vile vikombe vikubwa vyekundu. Mezani kuna kitambaa, na juu ya kitambaa maganda matupu yamesimama. Matatu. Baba alikuwa anatia la nne. Akapandisha ule mkono wa chuma, akauleta mti wa bunduki begani, shavu lake, lile ninalolibusu kila Idd, akaliweka hapo hapo.

Nikafungua mdomo, sauti ikakataa. Ikatoka pumzi tu.

Mlio ukapigwa. Lakini ulikuwa wa meza ya pili, mtu mwingine kabisa, na Baba bado amelenga, anapumua polepole kama anavyopumua akiwa anabana shaba.

Mara ya pili sauti ikaja. Ikaja na ya Shangazi, na ya bibi yangu, na ya kila mwanamke wa Mji wa Kale aliyewahi kumwita mtoto kutoka barazani. Nikayasema yale maneno mawili. Mama mmoja mwenye fulana ya rangi ya machungwa, msimamizi wa uwanja, ambaye baadaye nilijua anaitwa Dinah, hakuniuliza mimi ni nani. Aliyadaka maneno yangu akayarusha mbele, mara tano yake, na laini nzima ikanyamaza. Bunduki zikawekwa chini moja moja.

Baba akaishusha yake mwisho. Akatoa vikombe masikioni, akageuka.

"Raisa? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Baba. Bado. Usiipige hiyo."

"Ni Fatimah?"

"Shangazi mzima. Baba, itoe hiyo risasi. Tafadhali itoe kwanza, nitakwambia."

Akanitazama kidogo. Akavuta mkono wa chuma, risasi ikateleza ikaanguka juu ya kitambaa, inang'aa kuliko kitu chochote pale. Ndipo nikakaa chini mchangani.

Nikasema yote. Mbele ya Dinah, mbele ya mwenye kofia, nikichanganya Kiswahili na Kiingereza ili Gilbert naye asikie. Ukwaju, trei, simu, oveni.

"Oveni," Baba akasema.

"Ndiyo."

"Ile ya mkate."

"Ndiyo, Baba. Ikijisafisha."

"Na ukayasugua tena."

"Ili yapendeze."

Gilbert alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akaomba yale maganda matatu yaliyokwisha kupigwa. La kwanza akaligeuza, akaliweka. La tatu pia. La pili akalishika muda mrefu. Akampa Baba. Nami nikaliona: juu kidogo ya kitako limefura kama tumbo la samaki, na kuna ufa mwembamba, uzi mweusi wa moshi umetokea pale.

"Hili ndilo lililokwama," Gilbert akasema.

"Lilikwama?" nikauliza.

"Tulilisukuma kwa kijiti," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nikasema ni uchafu wa mtutu. Nikasema tu, uchafu, ni bunduki ya zamani."

Dinah akaleta koleo mbili. Risasi iliyokuwa tayari ndani ya bunduki, Baba akaing'oa kichwa chake taratibu, akamwaga baruti kwenye kopo la Dinah la maji. Akabaki na ganda tupu mkononi. Gilbert akamwonyesha mahali pa kubana, karibu na kitako, na akasema kwa upole kama anafundisha darasa: zima litapinda kidogo na kurudi, lililoungua halitarudi.

Kwanza Baba akabana la kwanza kati ya yale matatu. Likapinda, akaachia, likarudi duara. Akapumua.

Kisha akabana lile la nne, lile lililokuwa dakika tano zilizopita vidole viwili kutoka jichoni mwake. Hakutumia hata nguvu. Likajikunja likabaki hivyo hivyo, bapa, kama kifuniko cha soda kilichokanyagwa na gari.

Mwenye kofia akavua kofia, sijui kwa nini, akaivaa tena.

"Mzee," Baba akamwambia Gilbert, "leo tumemaliza."

"Ukutani imekaa miaka mingi," Gilbert akajibu. "Haitakimbia."

Tukafungasha. Baba alimsukuma Gilbert mpaka garini, akamfunga mkanda, akaweka bunduki kwenye sanduku lake na yale manane yaliyobaki ndani ya kopo la maji. Yote hayo kwa mkono imara kabisa. Ila alipofika mlango wa dereva akasimama. Nikaona funguo zinalia kwenye vidole vyake kama kikombe cha Gilbert. Akazitazama na yeye.

"Shika," akasema.

"Baba, gari lako?" Hajawahi kunipa. Hata mimi na leseni yangu ya miaka sita, gari la kazi hajawahi kumpa mtu.

"Gari lako liache hapa, huyu mama ameshasema hakuna atakayeligusa. Shika, Raisa."

Nikashika. Tukamshusha Gilbert Oakdale, na alipokuwa anaingia ndani aliniambia baridi ijayo atataka mikono minne, si miwili, na mwenye hiyo mingine aje bila ukwaju. Nikacheka peke yangu. Baba hakucheka.

Tukaingia barabara kuu. Mapipa ya machungwa, adabu za Minnesota, pita wewe, hapana pita wewe. Baba anatazama mbele, lile ganda bapa liko kwenye kiganja, analigeuza kwa kidole gumba. Karibu na daraja la mto akaongea.

"Ni nini kilichokuwa kwenye simu?"

"Wapi?"

"Siku ya oveni. Umesema ulikuwa unasoma simu."

Nilikuwa nimeibeba siku tano, imenijaa mpaka kooni, nilikuwa na keki. Ikatoka ndogo hivi. "Nimekubaliwa famasia, Baba. Naanza Septemba."

Nikaona kwa pembeni anapangusa jicho, la kulia, kisha la kushoto, vizuri, kama mtu anayehakikisha yote mawili yapo.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayepima dawa za watu," akasema. "Za kina Gilbert."

"Ndiyo, Baba."

"Na simu iko wapi?"

Ilikuwa mapajani mwangu. Skrini imewaka, Mumbi anauliza keki imefika au bado. Nikaichukua bila kuisoma nikampa. Akafungua kile kisanduku cha mbele, akaitia humo pamoja na lile ganda, akafunga.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Tazama barabara."